Unaenda kumuangalizia mtu nyumba Mbeya? Pakia hivi usije ukafungua kabati la watu

Naandika hii kwa ajili ya wale ambao mwezi wa sita au wa kumi na mbili wanapigiwa simu wanaambiwa "mwanangu tunasafiri wiki tatu, njoo utukalie hapa nyumbani", alafu wanachukua begi la mgongoni wanatupia nguo mbili na chaja wanaondoka, maana wanajua kule kuna kila kitu. Kweli kuna kila kitu. Ila sio chako, na hapo ndo shida zote zinapoanzia.

Mi nimeanza kuangalizia watu nyumba toka niko chuo hapa Mbeya. Nimekaa Forest, nimekaa Uyole, nimekaa Block T, nimeenda mpaka Tukuyu wiki tano na Njombe mara moja, na nyumba ya kwanza kabisa ndo iliyonifundisha. Ilikuwa mwezi wa saba, Forest, nyumba nzuri ya geti, nikaenda na shuka moja na kitenge cha kujifunikia kwa sababu chuo tulikuwa tunalala wanne chumba kimoja, baridi nilikuwa hata siisikii. Chumba walichonipa kikubwa, dirisha linaangalia mlima Loleza, kitandani kuna blanketi moja jepesi. Usiku wa kwanza nikalala na sweta. Wa pili sweta, soksi, na taulo juu ya blanketi. Wa tatu saa nane usiku nimeamka natetemeka nikaenda kufungua kabati la mama mwenye nyumba nitafute blanketi lingine, nikavuta la juu, likaja na bahasha, bahasha ikadondoka ikafunguka, hela na karatasi za kiwanja zikasambaa sakafuni. Nilizikusanya moja moja kwa tochi ya simu, sijui zilikuwa zimepangwaje, sijui zilikuwa shilingi ngapi, nikarudisha hivyo hivyo. Siku zote zilizobaki moyo haukutulia. Mama aliporudi nilimwambia mwenyewe kabla hajaenda chumbani, akasema "haya mwanangu, hamna shida", ila akaingia akafunga mlango akakaa huko muda mrefu na mi nimekaa sebuleni najua anahesabu. Hakunipigia simu tena.

Sikuchukua hata mia. Lakini nilifungua kabati. Toka siku ile napakia kwa swali moja tu: kitu hiki nikikikosa saa nane usiku nitaenda kukitafuta wapi? Kama jibu ni kabati la mwenyewe, basi kinaingia kwenye begi langu.

Kabla hujagusa begi, piga simu

Usione aibu kuuliza, aibu ya kuuliza ni ya dakika tano tu. Uliza unalala chumba gani na kitandani kuna nini, maji ya kuoga ni ya hita au unachemsha, jiko ni la gesi au la umeme, maji yanatoka kila siku au kwa mgao, nani mwingine ana funguo, nani anakuja (dada wa kufua, kijana wa ng'ombe, mtu wa kukata majani), mbwa anakula nini na chakula chake kinakaa wapi, na vitu vilivyopo kwenye friji ni vya kuliwa au vinasubiri watu warudi. Majibu yake ndo yanakuambia begi liwe na ukubwa gani.

Na kwenye blanketi usikubali jibu jepesi. Mi siku hizi mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Naomba kuuliza, pale nitakapolala blanketi lipo au nije na langu?"

"Aah mwanangu, mablanketi ya kumwaga yako kabatini, utachukua tu."

"Basi mama naomba unitolee mawili uniwekee kitandani kabla hamjaondoka, kabatini kwako mi siingii."

Hakuna mama aliyewahi kunikasirikia kwa sentensi hiyo. Mmoja wa Uyole alicheka akaniambia "ndaga fijo mwanangu, hivyo ndo nataka" (yaani asante sana kwa Kinyakyusa), na kweli nilikuta mablanketi mawili yamekunjwa kitandani na shuka juu yake. Ila hata wakikuahidi wewe nenda na la kwako moja, watu siku ya safari wanakuwa na mambo mengi, wanasahau.

Baridi ndo inakula nusu ya begi

Hapa naomba unisikilize vizuri hasa wewe unayetokea Dar, Moro, au hata Kyela hapo chini. Mbeya mjini uko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, Kyela kule ziwani ni kama 500, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6. Yaani unapanda Coaster Kyela umevaa tisheti unatokwa jasho, unashuka Uyole jioni hewa imebadilika nyuzi saba na kitu. Mwezi wa sita mpaka wa nane usiku Mbeya inashuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete ni zaidi, kule kuna asubuhi unatoka nje unakuta sakitu, majani yamekuwa meupe yanavunjika ukiyakanyaga. Iringa mjini kuna nafuu kidogo ila ina upepo wake.

Na nyumba ya mtu aliyesafiri ina baridi kuliko nyumba yenye watu. Hili nililigundua mwenyewe. Hakuna anayepika asubuhi, mapazia yamefungwa, mtu uko mmoja, sakafu ya tailizi inakaa baridi mpaka saa sita mchana. Kwa hiyo usijipime kwa jinsi unavyolala kwenu mko sita.

Ninachobeba kwa ajili ya baridi ni blanketi zito moja, sweta mbili (moja ya kulalia tu, haitoki nje), koti moja, suruali mbili nzito za kulalia, soksi jozi tano, mzura wa kichwani, na ndala za ndani zenye soli nene. Blanketi usilibebe kwenye begi la nguo maana linakula nafasi yote alafu unaanza kupunguza nguo, liweke kwenye shangazi kaja peke yake, au lifunge ndani ya salfeti safi, litakaa kwenye buti ya basi halitasumbua mtu. Kama huna blanketi zito nenda Mwanjelwa au Kabwe kwenye mitumba asubuhi, likague kwenye mwanga, linuse, kafue uanike juani siku nzima kabla hujaenda nalo kwa watu, usipeleke viroboto kwenye kitanda cha mtu.

Alafu kuna ule mpira wa maji ya moto unaouzwa maduka ya dawa. Naupenda kuliko kitu chochote kwenye begi langu. Nachemsha maji, naacha yapoe kidogo, namimina nusu na kitu, nabana mpira hewa itoke mpaka naona maji yamefika mdomoni ndo nafunga kifuniko, nauvalisha soksi moja kubwa ya kiume, naupeleka miguuni chini ya blanketi nusu saa kabla sijalala. Ukiingia kitandani unakuta kuna shimo la joto pale chini limekusubiri. Asubuhi maji yake yana uvuguvugu, nanawia uso, hayapotei. Chupa ya soda ya plastiki usiijaze maji yanayochemka, inajikunja na inaweza kukumwagikia, kama huna mpira tumia maji ya vuguvugu tu.

Na jiko la mkaa chumbani, jamani, hapana. Najua watu wanafanya, najua bibi alifanya, ila mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi hapo hapo na huamki. Na wewe uko peke yako kwenye nyumba ya mtu, geti limefungwa, hakuna wa kukugongea mlango asubuhi. Ndo maana nasema beba blanketi. Mtu mwenye blanketi lake zito hawezi kupata wazo la kuingiza jiko chumbani.

Baridi hii pia ni kavu, kuanzia mwezi wa sita ngozi inapasuka, visigino vinauma, midomo inatoka damu ukicheka. Mafuta ya mgando kopo kubwa, na kakopo kadogo ka midomo kanakaa mfukoni. Ukivikosa utajikuta unachovya kidole kwenye kopo la mtu bafuni, na kopo la mafuta ya mtu ni kitu cha siri kama mswaki.

Ukienda Tukuyu ni habari nyingine

Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, mvua inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sio kwamba inanyesha miezi mitatu ikaacha, hata miezi ambayo Mbeya mjini ni vumbi tupu kule unaweza kuamka ukungu umefika mlangoni na manyunyu hayaishi mpaka mchana. Nguo hazikauki. Nilibeba jinzi mbili nikidhani nimepakia kwa akili, ya kwanza niliifua Jumatatu, Alhamisi bado kiunoni kuna unyevu na imeanza kunuka. Kwa hiyo Tukuyu jinzi iache nyumbani, beba nguo nyepesi nyingi za kuvaa moja juu ya nyingine, zinakauka hata ndani ya nyumba. Nguo za ndani beba za siku nane au kumi, sio nne. Beba kamba yako ya kuanikia mita tano hivi na vibanio, maana wenyewe wakishaanua kamba yao wakaiweka stoo ndo umeanza tena kufungua milango. Mabuti ya mvua lazima, mwamvuli mkubwa, na viatu vya kutokea viwe vingine kabisa na vya ndani viwe vingine, tope la kule ukiliingiza sebuleni utapiga deki mpaka uchoke.

Kwa Mbeya mjini mvua ni kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne au wa tano, hapo mwamvuli na mabuti vinahusika, miezi mingine viatu vya kufunga vinatosha.

Shuka, taulo, na vya mwilini

Kila kinachogusa ngozi kiwe chako. Shuka mbili, foronya mbili, taulo moja kubwa moja dogo, dodoki, sabuni ya kuogea na ya kufulia, mswaki, dawa ya meno, pedi za mwezi mzima hata kama unakaa wiki mbili, toilet pepa angalau roli nne. Wenyewe wanaweza kuwa wametandika shuka zao safi, ni heshima wamekufanyia, tandika za kwako juu yake ulale, ukiondoka za kwao zinabaki kama ulivyozikuta.

Taulo usichague jeupe. Nyumba nyingi zina mataulo meupe na siku ya kuondoka utashindwa kujua. La kwangu ni la rangi ya chungwa iliyokolea, liko peke yake duniani.

Dawa zako zote beba, usiseme utanunua kule, hasa mwenye pumu maana hii baridi ya alfajiri inaamsha kifua, na mwenye presha au sukari abebe za kuzidi wiki moja mbele kwa sababu watu husema wiki tatu wanakaa nne. Miwani, kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA. Hivi visikae kwenye begi la buti, viwe kwenye mkoba unaoshika mkononi.

Chakula, gesi na umeme wa watu

Nakuja na unga kilo tano, mchele wa Kyela kilo tatu, maharage, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta lita moja, na viungo vyangu kwenye vikopo vidogo. Viazi, ndizi, parachichi na mboga nanunua huko huko. Sio kwamba wenyewe ni wachoyo, wengi watakuambia kula chochote, lakini ukila chochote hujui mwisho uko wapi, leo kijiko cha sukari, kesho kuku wa kwenye friza aliyekuwa anasubiri mgeni wa ubatizo.

Kuhusu maharage kuna jambo watu wa pwani hawalijui. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100, kwa sababu tuko juu na hewa haikandamizi sana kama pwani. Yanachemka mapema lakini yana joto pungufu, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva na gesi ya mtu inaisha bila wewe kuelewa imeishaje. Yaloweke toka jioni, asubuhi mwaga maji yale weka mengine, chemsha na kifuniko. Kama una sufuria ya presha ndogo ni yako, ibebe, ndo chombo pekee cha jikoni ambacho mi nakibeba pamoja na kisu changu, sahani, kikombe na kijiko. Vyombo vya watu vya udongo vile vizuri vyenye maua usivitumie, kikombe kimoja kikivunjika seti nzima imekufa na hutakipata Mbeya nzima.

Umeme nao mjue mapema nani analipa. Siku unayofika piga picha mita ya Luku inavyosoma, na siku ya kuondoka piga tena. Hita ya bafuni ya kilowati 4 ukiiwasha robo saa imemeza uniti 1 nzima, mara mbili kwa siku kwa wiki tatu hizo ni uniti 42 za kuoga tu. Mi nachemsha maji kwenye birika ya umeme mara mbili naoga kwa ndoo na kata, inakula hata nusu ya uniti haifiki. Weka akiba ya hela ya Luku kwenye simu yako, na namba ya mita iandike kwenye karatasi, kwa sababu umeme ukikata saa tatu usiku na mwenyewe yuko safarini hapatikani utakaa gizani unatafuta risiti ya zamani kwenye droo za watu. Tena droo. Ukiwa na namba ya mita unanunua mwenyewe, tokeni ya tarakimu 20 inakuja, unabonyeza, maisha yanaendelea.

Bando lako ujiunge mwenyewe. Waifai ya nyumba usiiombe, wakikupa neno la siri kwa hiari yao sawa.

Chaja, hapa ndo urafiki unavunjika

Sijui kwanini ila kitu kinachoongoza kwa ugomvi mdogo mdogo ni chaja. Zote nyeusi au nyeupe, zote zinafanana, wenyewe wameacha zao kwenye soketi, wewe umechomeka yako pembeni, siku ya kuondoka unachomoa unayoiona. Niliwahi kuondoka Block T na chaja ya mtoto wa pale, ile original inayojaza haraka, nikawaachia ya kwangu ya elfu tano. Kwa macho yao ilionekana nimebadilisha makusudi, na huwezi kujitetea, utasemaje? Nilirudisha kesho yake asubuhi na mapema lakini yule kijana mpaka leo akiniona ananisalimia kwa mbali.

Sasa nina alama. Napaka rangi ya kucha nyekundu, vidoti viwili, kwenye kichwa cha chaja na vingine kwenye ule mdomo wa waya unaoingia kwenye simu. Pawabenki vidoti viwili, ekstensheni vidoti viwili, tochi, kisu kwenye mpini, kijiko nyuma, hata vibanio vya nguo nimevipaka. Inachukua jioni moja. Rangi inakauka, haitoki kwa maji, na mtu yeyote ukimwambia "vyangu vina vidoti viwili vyekundu" anaelewa hapo hapo. Vidoti uviweke siku moja kabla ya kusafiri, sio ukiwa tayari umeshafika kwenye nyumba ya watu, maana hapo itaonekana unavipaka vya kwao alama yako.

Weka kila kitu pembe moja

Ukifika usitawanyike. Chagua kona moja ya chumba ulichopewa, begi likae hapo linaonekana, na kila kitu kikitumika kirudi kwenye begi, sio kwenye kabati hata kama wamekuachia nafasi. Ya bafuni yakae kwenye kikapu kimoja unaingia nacho unatoka nacho. Ya jikoni kwenye boksi moja chini ya meza. Kwa hiyo una sehemu tatu tu, begi, kikapu, boksi, na usiku wowote akikupigia mwenyewe kwamba wanarudi kesho alfajiri unaweza kujikusanya kwa robo saa.

Ndani ya begi kwenye ule mfuniko bandika karatasi ya orodha. Namaanisha karatasi kabisa na peni, sio kwenye simu, simu inaweza kuzima. Andika kila ulichobeba na idadi: soksi 5, shuka 2, kijiko 1. Na kabla hujakaa hata kwenye kochi piga picha kila chumba ulichoruhusiwa kuingia, mito ilivyokaa, meza, rafu za jikoni, mapazia. Sio za kumuonyesha mtu. Ni za kukusaidia kurudisha vitu kama vilivyokuwa. Na picha hizo zisiingie stetasi hata kwa bahati mbaya, wala usiposti kwamba uko peke yako kwenye nyumba ya fulani, umewaambia wezi wenyewe hawapo.

Begi lako liwe na kufuli dogo. Kuna wanaosema ni kuonyesha humwamini dada wa pale, mi nasema linamlinda yeye kama linavyokulinda wewe, kitu chako kikipotea hakuna atakayemtazama.

Funguo za nyumba usiziweke mfukoni, zitie kwenye kamba uvae shingoni ndani ya nguo. Na siku ile ya kwanza muombe mwenyewe akupeleke kwa mjumbe na kwa jirani wa ukuta kwa ukuta awaambie huyu ni mwanangu atakuwepo mpaka tarehe fulani, watu wa huku wanaangaliana, wakiona sura ngeni inafungua geti saa mbili usiku na begi kubwa hawatakuuliza kwa upole. Beba kitambulisho, usije ukasema kiko nyumbani.

Ambavyo hubebi ni dhahabu na vitu vya thamani usivyovihitaji, mishumaa (beba tochi, ile ya kuchaji), pombe, na mtu. Rafiki, mchumba, mdogo wako aliyekuja kutembea, hapana, labda mwenyewe amekubali kwa mdomo wake na umemtajia jina. Umepewa nyumba wewe.

Siku wenyewe wanarudi

Anza juzi yake. Fua shuka zako mapema zikauke, kula kilichobaki, kile kisichoisha kama unga na sukari usianze kukibeba nusu kilo nusu kilo, kiache jikoni kwenye mfuko mwambie mama hiki ni changu nimekuachia. Toa taka. Piga deki. Chemsha maji ujaze chupa ya chai, watu wanatoka safari ya Dar kilomita mia nane na kitu wamechoka, wanafika Mbeya saa mbili usiku na baridi hiyo, wakikuta chai ya moto mezani wanasahau hata kukagua.

Alafu usipakie chumbani umefunga mlango. Mi naleta begi, kikapu na boksi sebuleni, wenyewe wamekaa wanakunywa chai tunaongea habari za safari, nachukua ile karatasi ya mfuniko nasoma moja moja naweka ndani: shuka mbili, taulo, blanketi, chaja ile ya vidoti. Mama atasema "mwanangu hayo yote ya nini, pakia tu", mwambie "acha mama nisisahau kitu", endelea. Hujamwambia nikague, na yeye hajakukagua, lakini kila kitu kimepita mbele ya macho yake na usiku ule hatakuwa na sababu ya kwenda kuhesabu. Funguo mkabidhi mkononi, zote, zihesabuni pamoja, na mpe usomaji wa mita.

Ukifika kwako fungua begi siku hiyo hiyo, usilitupe pembeni mpaka Jumamosi. Toa kila kitu, ingiza mkono kwenye mifuko yote ya pembeni. Ukikuta kitu chao, hata kijiko, piga simu saa hiyo hiyo kabla hujavua viatu, mwambie "mama samahani nimekuja na kijiko chako", na kesho asubuhi kipeleke.